Deduksheni

Deduksheni (pia: uhitimishaji wa kimantiki) ni namna ya kufikiri ambapo hitimisho linatokana na madai yaliyotangulia kwa lazima. Madai hayo yakiwa ya kweli yote, hitimisho haliwezi kuwa la uongo. Deduksheni ni msingi wa mantiki na hisabati, na hutumika pia katika sayansi, sheria na programu za kompyuta.

Mfano:
1. Wilaya zote za Mkoa wa Tanga ziko Tanzania.
2. Lushoto ni wilaya ya Mkoa wa Tanga.
3. Kwa hiyo Lushoto iko Tanzania.

Hoja ya namna hii, yenye madai mawili na hitimisho moja, huitwa silojismi. Ilichunguzwa kwanza kwa utaratibu na mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki katika karne ya 4 KK.

Uhalali na ukweli

Hoja ni halali ikiwa muundo wake hauruhusu madai kuwa kweli na hitimisho kuwa uongo. Ni thabiti ikiwa ni halali na madai yake yote ni ya kweli. Tofauti hiyo husahauliwa mara nyingi.

Hoja isiyo halali ni kama hii: "Kila mkonge hutoa nyuzi, mmea huu hutoa nyuzi, kwa hiyo mmea huu ni mkonge." Madai yote mawili yanaweza kuwa kweli na hitimisho likawa uongo, kwa kuwa mnazi nao hutoa nyuzi kutoka katika makumbi yake.

Mfano wa Magamba

Hoja inaweza kuwa halali na bado ikapotosha. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friza. Kwa kuogopa kukosa nafasi, Mpemba aliweka mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto. Uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa yake.

Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Kukataa huko kunaweza kuandikwa kama hoja:
1. Kitu cha moto, kabla ya kuganda, lazima kwanza kishuke hadi halijoto ya kitu cha baridi.
2. Kikifika hapo, kitahitaji muda uleule ambao kitu cha baridi kilihitaji tangu mwanzo.
3. Kwa hiyo cha moto lazima kichelewe kuganda.

Hoja hii ni halali. Udhaifu uko katika dai la pili, ambalo kwa kawaida halitamkwi. Linachukulia kwamba vitu viwili vyenye halijoto sawa vinafanana katika kila jambo linalohusu kupoa. Lakini maji yaliyokuwa ya moto yanaweza kuwa yamepungua kwa mvuke, yamepoteza gesi zilizoyeyuka ndani yake, au yana mzunguko tofauti. Chombo chake kinaweza pia kuwa kimeyeyusha barafu iliyo chini yake na kugusana vizuri zaidi na friza.

Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, Mpemba alimwuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyetembelea shule. Wanafunzi wengine walimcheka, lakini Osborne aliahidi kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na jambo hilo likaitwa athari ya Mpemba.

Deduksheni na induksheni

Induksheni huanza na mambo yaliyoonekana na kufikia kanuni ya jumla. Hitimisho lake huwa na uwezekano tu. Sayansi hutumia zote mbili. Hitimisho la hoja halali likionekana kuwa uongo, basi dai moja angalau ni la uongo. Hiyo nayo ni deduksheni, lakini inategemea kipimo kilicho sahihi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio ambayo hayakupata ushahidi wa kutosha wa athari ya Mpemba katika maji, na mjadala unaendelea. Kwa vyovyote, swali hujibiwa kwa vipimo; hoja ya hapo juu peke yake haitoshi.

Katika kompyuta

Mwaka 1854 George Boole alionyesha jinsi hoja zinavyoweza kuandikwa kama aljebra. Mwaka 1956 Allen Newell, Herbert Simon na Cliff Shaw walitengeneza programu iliyothibitisha kanuni za mantiki. Lugha ya Prolog, iliyoanzishwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, hupewa madai na kanuni, kisha hutafuta hitimisho yenyewe. Kompyuta haikosei muundo kama programu ni sahihi, lakini ikipewa madai ya uongo itatoa majibu ya uongo.

Katika fikra za binadamu

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason alieleza jaribio la kadi nne. Tuseme kadi zinaonyesha A, D, 4 na 7, kila moja ikiwa na herufi upande mmja na namba upande wa pili. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi zigeuzwe ili kuipima? Wengi huchagua A na 4. Jibu sahihi ni A na 7, kwa kuwa ni hizo tu zinazoweza kuivunja kanuni. Watu hupenda kutafuta kinachokubaliana na wanaloamini, na huacha kutafuta kinacholipinga.