Fahamu: Fundi redio anayeanza Mpanda anunue kipimo gani kwanza?

Mita ya dijitali, basi. Iwe inapima volti na omu, na ipige mlio waya ukiwa mzima. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma karibu 6. Wanaoanza huidhania mbovu. Ikiletwa redio ya sola kutoka Mishamo au Inyonga, pima betri kabla ya kufungua skrubu: betri ya asidi iliyojaa husoma volti 12.7 hivi, ya 11.8 imekwisha.

Cha pili jitengenezee: balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60 au 100, iliyoungwa mfululizo kati ya umeme wa volti 230 na amplifaya unayoijaribu. Amplifaya ikiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu na transista ulizoweka jana zitapona. Ikimeta kisha ikafifia, endelea.

Osiloskopu isubiri kazi iilipie.