Vizibo, Maharagwe na Dadu Mbili

Katoni tupu, karatasi ya manila, vizibo vya soda, maharagwe ya rangi mbili na dadu mbili: mbunifu wa mchezo wa ubao aliyeko Mabanga, Bungoma, anaweza kuanza na hivyo tu, jioni hiihii. Kupaka rangi na kuchapisha kungoje. Ubao uliokwisha kupambwa humtia mwenyewe uchungu wa kuukata, na kukata ndiyo kazi yenyewe.

Tuseme mchezo wake ni msimu wa mahindi, jambo ambalo kila nyumba kati ya Bungoma na Kitale inalijua. Wachezaji wanapanda, wanapalilia, wanavuna, kisha wanaamua: wauze kwa dalali sasa au wahifadhi magunia wakingoja bei ipande? Hapo pana mvutano wa kweli. Linabaki suala la balaa. Viwavijeshi vamizi, waliobisha hodi magharibi mwa Kenya mwaka 2017, waje mara ngapi?

Dadu zina jibu. Dadu mbili huanguka kwa namna 36, na 6 kati ya hizo hutoa jumla ya 7. Jumla ya 12 ina namna moja pekee. Viwavi wakiwekwa kwenye 7, watavamia kwa wastani mara moja katika kila mitupo sita. Wakiwekwa kwenye 12, huenda jioni nzima ikaisha bila kiwavi hata mmoja. Mjerumani Klaus Teuber, aliyekuwa fundi wa meno, aliitumia hesabu hiyohiyo katika mchezo wa Catan uliotoka mwaka 1995: ikija 7, mnyang'anyi anahama. Teuber aliujaribisha nyumbani, pamoja na mke na watoto wake.

Familia ni mwanzo mzuri, lakini ina huruma. Jaribio lenye uzito ni lile ambalo watu wasiomjua mbunifu wanapewa kanuni zilizoandikwa, naye anakaa kando kimya. Ni vigumu mno kunyamaza! Wakikosea kanuni, asiwasahihishe. Aandike ni sentensi ipi iliyowapotosha. Atazame pia nani ametoa simu mfukoni, na ni wakati gani mtu amejua kwamba ameshashindwa.

Hilo la mwisho huua michezo mingi. Aliyevuna vizuri mara ya kwanza ananunua shamba la pili, kisha la tatu, na wenzake wanabaki kumsindikiza. Mmarekani Lizzie Magie, aliyepata hataza ya The Landlord's Game mwaka 1904, alikusudia hali hiyo ili kufichua ubaya wa kuhodhi ardhi. Mchezo huo ndio mizizi ya Monopoly. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilimlipa dola 500 tu kwa hataza yake.

Dawa nzuri zaidi imo katika bao la Kiswahili. Lina mashimo 32 na kete 64, lakini kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni. 22 ziko mkononi, na katika namua, awamu ya kwanza ya mchezo, huingizwa moja kwa kila zamu. Aliyeliwa sana mapema bado ana akiba ya kujibu. Mbunifu wa Mabanga angeweza kuiga wazo hilo: mbegu zigawanywe kidogo kidogo msimu mzima. Abadilishe jambo moja tu kila jaribio, la sivyo hatajua lililoponya.

Na haki zake? Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 haihesabu kanuni za kucheza michezo kuwa uvumbuzi, kwa hiyo hataza ya Kenya haitapatikana kwa kanuni zenyewe. Hakimiliki, hata hivyo, hulinda michoro ya ubao na maneno ya kijitabu, na kazi hizo zaweza kusajiliwa kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO). Ndiyo maana daftari la majaribio liwe na tarehe kila ukurasa, na ile katoni ya kwanza, yenye madoa ya chai na mistari iliyofutwa, isitupwe.