Kuridhika si kutosheka: Tuwaulizeje wanafunzi kuhusu mihadhara yetu?

KILA muhula unapokaribia kwisha, wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza hupewa hojaji ili watathmini ufundishaji. Swali kuu huwa: Je, umeridhika? Leo nataka tulitazame neno hilo, kwani nahisi ndipo tatizo linapoanzia.

Kitenzi 'ridhika' kina asili moja na 'radhi' na 'ridhaa', maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu. Ndani yake mna kukubali, pengine hata kusamehe. 'Tosheka' nacho chatokana na 'tosha', na hupima kiasi. Mtu anaweza kuridhika na nusu sahani kwa kuwa hakutarajia zaidi, ilhali hajatosheka. Bado ana njaa!

Tofauti hii si ya kamusi tu. Mwaka 1988, Parasuraman, Zeithaml na Berry walichapisha kipimo kiitwacho SERVQUAL, ambacho watafiti wa elimu ya juu pia hukitumia. Hulinganisha alichotarajia mteja na anachoona amepata. Hapo pana mtego. Matarajio yakiwa chini, hata huduma duni itapata alama nzuri. Mwanafunzi aliyezoea kusikiliza mhadhara akiwa amesimama mlangoni kwa kukosa kiti, mhadhiri akifika tu atasema, "Si haba." Ataandika kwamba ameridhika. Mwenzake anayerudishiwa insha imejaa wino mwekundu huenda akanung'unika, kumbe yeye ndiye anayefunzwa kweli.

Je, hojaji zitupwe? La hasha! Ninachosema ni kwamba tuulize mambo yanayoweza kuthibitishwa. Mihadhara mingapi ilifanyika? Kazi yako ilirudishwa baada ya siku ngapi? Je, ilikuwa na maelezo ya kukuwezesha kujirekebisha? Sasa unaweza kufanya nini ambacho hukukiweza muhula ulipoanza?

Tena tusingoje mwisho wa muhula. Hojaji ya mwisho humfaa anayekuja, si anayeondoka. Tukiuliza katika wiki ya tano au ya sita, aliyejibu atanufaika na jibu lake mwenyewe, na mhadhiri atapata muda wa kubadilisha mbinu.

Wahadhiri wenzangu, tusikimbilie kujipongeza tukiona wanafunzi wengi 'wameridhika'. Asiyelalamika si lazima awe ameshiba. Pengine amekata tamaa ya kuongezewa.