Anwani ya Mtandao Iliyoandikwa Sahihi Si Lazima Iwe ya Serikali

Mfanyabiashara wa Mwigobero, Manispaa ya Musoma, anayeomba leseni ya biashara huelekezwa kwenye mfumo wa TAUSI, unaopatikana kwa anwani ya tausi.tamisemi.go.tz. Humo ndimo hupewa kumbukumbu namba ya malipo. Akiingia kwenye tovuti nyingine inayofanana nayo, fedha zake zinaweza kuishia kwa mtu asiyehusika na Halmashauri.

Uhakiki wa anwani una sehemu mbili, na muundo ndio rahisi zaidi. Jina la tovuti huwa na sehemu zinazotenganishwa kwa nukta. Kila sehemu huandikwa kwa herufi, tarakimu au kistari, haizidi herufi 63, wala haianzi au kuishia na kistari. Nafasi na mkato haviruhusiwi, hivyo “tausi.tamisemi,go.tz”, iliyonakiliwa vibaya kwenye kikaratasi, haifiki popote. Anwani za IP za toleo la nne, ambazo mafundi huzitumia kuunganisha kompyuta za ofisi, zina namba nne, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kwa hiyo 192.168.1.20 inakubalika, ilhali 192.168.1.256 haikubaliki. Makosa ya aina hii yana nafuu yake, kwani anwani haifunguki na mtumiaji hapotezi kitu zaidi ya muda.

Hatari kubwa iko kwenye anwani isiyo na kosa lolote la uandishi. Mwenye tovuti hutambulika kwa maneno ya mwisho ya jina, kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata baada ya “https://”. Tovuti za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, kama ilivyo mara.go.tz ya Mkoa, musomamc.go.tz ya Manispaa ya Musoma na butiamadc.go.tz ya Butiama. Endapo baada ya “go.tz” kuna nukta nyingine na neno kama “com”, hiyo si tovuti ya Serikali, hata jina la Halmashauri likitangulia. Vivyo hivyo kwa “go-tz” yenye kistari. Alama ya kufuli kwenye kivinjari nayo huonesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa; haithibitishi mwenye tovuti.

Ujumbe mfupi wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, huwasilishwa kwa namba 15040.