Heri mpindo mmoja unaoujua

Ushauri wa kwanza anaopewa mtu anayejifunza gofu ni kwamba aupige mpira unyooke. Huupata kwa marafiki, huupata kwa wabebaji vijiti, na wakati mwingine huupata kwa walimu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nia yao ni njema lakini ushauri wenyewe ni mbaya, hasa unapohusu draiva, kile kijiti kirefu kuliko vyote, chenye kichwa kikubwa, kinachotumiwa kupigia mpira wa kwanza katika mashimo marefu. Mpira ulionyooka ndio mgumu kuliko yote, na anayeutegemea anategemea kitu ambacho hata mabingwa hawakipati kila siku.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Waingereza wana majina manne ya mipira inayoacha mstari. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, mpira unaokwenda kulia kwa upole ni feidi, na ukizidi ni slaisi. Unaokwenda kushoto kwa upole ni droo, na ukizidi ni huki. Ukitazama kwa makini utaona kwamba majina haya hayatofautishi mwelekeo tu. Feidi na droo ni mipira iliyokusudiwa. Slaisi na huki ni mikosi. Sisi hatuhitaji kuazima maneno manne ili kulisema jambo hilo, kwani kitenzi kimoja chatosha. Mchezaji akisema "nimeupinda mpira", yeye ndiye mtenda. Akisema "mpira umepindika", kauli ya kutendeka imekwisha kumwondoa katika sentensi, kana kwamba mpira ulijiamulia wenyewe. Viwanja vyetu vimejaa watu wanaopindikiwa. Swali ni namna mtu anavyoweza kutoka katika kupindika akaingia katika kupinda, na jibu langu ni kwamba achague upande mmoja, aufanye wake.

Sababu ya kwanza imo katika kijiti chenyewe. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya kijiti, kisha huishia kule ambako uso wa kijiti ulielekea. Mitambo ya rada iliyoanza kupima mipigo mapema katika karne hii ilionyesha kwamba mpira huanza kwa kuelekea karibu na kule uso ulikoelekea. Kwa draiva, uso huchangia takriban robo tatu au zaidi ya mwelekeo huo wa mwanzo. Kupinda huletwa na tofauti iliyopo baina ya uso na njia. Na kwa kuwa uso wa draiva umesimama karibu wima, hauupi mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, na hivyo tofauti ya digrii mbili tatu huonekana waziwazi angani kuliko ingeonekana kwa kijiti kifupi chenye uso uliolala. Tena, mpira ukigongwa karibu na ncha ya kichwa, kichwa hugeuka kidogo na kuupa mpira mzunguko wa kuupeleka kushoto. Ukigongwa karibu na kisigino, mzunguko huwa wa kuupeleka kulia. Kijiti chenye tabia kama hizi si cha kufanyia ufundi wa aina mbili. Mshika mbili moja humponyoka.

Watetezi wa mpindo mmoja wana hesabu wanayoipenda sana. Njia ya nyasi fupi ina upana wa yadi 30, wasema. Anayelenga katikati ana nafasi ya yadi 15 tu kila upande, ilhali anayelenga ukingo wa kushoto na kuupinda mpira kulia anazo zote 30. Hesabu hii ni tamu, lakini ina hila ndani yake. Yadi 30 ni zile zile kwa wote wawili, na anayelenga ukingo amejinyima nafasi yote ya upande wa kushoto. Faida ya kweli iko kwingine. Mipira ya mtu anayerudia mpigo wa aina moja hutawanyika katika eneo dogo zaidi, na umbo la eneo hilo huwa analijua. Mpaka wa uwanja ukiwa kushoto, mwenye feidi huupeleka mpira karibu nao kwa moyo mtulivu, kwa kuwa anajua utaukimbia. Ukiwa kulia, huanzia mbali zaidi kushoto. Mwenye mipindo miwili huogopa pande zote mbili kila aendapo kupiga. Na hofu hiyo si bure, kwa sababu mpira ukitoka nje ya mipaka humrudisha mchezaji pale pale alipokuwa amesimama, naye hupiga mara ya pili akihesabiwa mpigo wa tatu.

Historia ya mchezo huu inaniunga mkono. Ben Hogan wa Marekani alisumbuliwa miaka mingi na huki, akaja kuishinda kwa kuufanya mpira wake uende kulia kidogo, na mwaka 1953 alinyakua mataji makuu matatu. Lee Trevino, ambaye alianza akiwa mbebaji vijiti mjini Dallas na akaja kushinda mataji makuu sita, aliitegemea feidi maisha yake yote. Inasemwa kwamba aliipenda kwa kuwa ni mpira unaoweza kuzungumza nao, tofauti na huki isiyomsikiliza mtu. Lakini asije msomaji akadhani kwamba kulia ndiko kwenye baraka. Bobby Locke wa Afrika Kusini alipeleka karibu kila mpira kutoka kulia kwenda kushoto, akashinda shindano la Open la Uingereza mara nne, miaka ya 1949, 1950, 1952 na 1957. Wanaomcheka mtu kwa mpindo wake wamkumbuke Locke.

Basi mtu achague upi? Achague ule anao tayari. Asiuhesabu katika uwanja wa mazoezi, ambako mpira mbaya hufuatwa na mwingine na kusahauliwa. Auhesabu mashindanoni, katika shimo la kwanza, watu wakimtazama. Mwenye slaisi aipunguze iwe feidi badala ya kuikimbilia droo. Najua kinachowavuta watu kwenye droo: huenda chini zaidi, na hubingirika mbali inapotua. Tamaa hii naiona ya ajabu zaidi Nairobi kuliko mahali pengine. Jiji hili liko karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira hupaa mbali bila kuombwa. Katika viwanja kama Muthaiga na Karen, vilivyozungukwa na miti, yadi kumi za ziada hazimfai kitu anayeutafuta mpira vichakani.

Hewa hiyo hiyo ndiyo inayowadanganya vijana wetu. Wengi wa wachezaji wa kulipwa nchini walianzia katika kubeba vijiti, wakijifunza kwa vifaa vya kuazima, siku moja ya juma wanayoruhusiwa kucheza. Kijana huyo hana mipira mia mbili ya kupiga kila jioni. Tukimfundisha mipindo miwili tunampa nusu ya kila mmoja. Kisha hujitafutia nauli, hushuka Mombasa au Vipingo, na huko hugundua kwamba mpira uliopinda yadi nane Nairobi sasa unapinda zaidi, kwa sababu hewa ya pwani ni nzito na huukamata mzunguko barabara. Akikuta kusi au kaskazi inavuma kukatisha njia, mambo huharibika kabisa, na zawadi ya kumlipia chakula na malazi inakwenda na upepo.

Walimu wengi humwambia hapo kwamba anahitaji mpindo wa pili. Mimi nasema anahitaji kijiti cha pili. Aende siku mbili mapema, aone mpindo wake umeongezeka kiasi gani, asogeze shabaha kwa kiasi hicho. Pale upepo unaposukuma upande ule ule ambao mpira wake hupindia, au njia inapokunja kinyume naye, aiache draiva mfukoni na achukue kijiti kifupi chenye uso uliolala zaidi, ambacho hakipindishi sana. Atakuwa nyuma ya wenzake kwa yadi 20 au 30, akiwa kwenye nyasi fupi, na mpira wake wa pili atauona.