Je, Wajua? Kituo Kimoja, Tamthilia Mbili

Ukitaka kukisaka kituo cha polisi cha tamthilia ya Marekani Hill Street Blues (1981–1987), usitafute mtaa wa Hill. Ndani ya hadithi, jiji lenyewe halitajwi jina. Sehemu kubwa ilirekodiwa Los Angeles, na zile ofisi zenye vurugu zilijengwa studio. Lakini jengo la matofali mekundu linaloonekana kwa nje ni la kweli: kituo cha zamani cha Maxwell Street, Chicago, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1880.

Kulitambua si rahisi kama inavyodhaniwa. Soko maarufu lililokuwa jirani lilihamishwa mwaka 1994, na majengo mengi ya mtaa huo yakabomolewa kupisha chuo kikuu. Ukilinganisha picha ya zamani na ya sasa, mandhari ya nyuma hayakusaidii kitu. Shika matao ya madirisha na ngazi za mlangoni.

Jengo hilo hutumiwa na polisi wa chuo, kwa hiyo mpiga picha akizubaa hapo atahojiwa na askari wasioigiza! Na kamera hazijalichoka: tangu 2014 linaonekana pia katika tamthilia ya Chicago P.D.