SURURU YA DHAHABU: KWA NINI METALI YA THAMANI HUSHINDWA KAZI KATIKA MCHEZO WA KOMPYUTA

Mchezaji mgeni wa Minecraft anapopata dhahabu kwa mara ya kwanza, mara nyingi huitumia kutengenezea sururu. Huwaza kwamba, kwa kuwa dhahabu ni adimu kuliko chuma, hapana budi sururu yake nayo iwe bora kuliko ya chuma. Huanza kuchimba, na mwamba hubomoka kwa kasi ya kushangaza. Lakini akisha kuvunja vipande 32 tu, sururu huvunjika na kutoweka mkononi mwake. Rafiki yake, mwenye sururu ya mbao iliyotokana na mti wa kwanza aliouona, anaendelea kuchimba.

Wanafunzi wengi wanaoufahamu mchezo huu huliona jambo hilo kuwa kosa la watengenezaji. Je, ni kosa? Au dhahabu kwa maumbile yake haifai kwa sururu? Swali hili ni dogo, lakini jibu lake humfikisha mwanafunzi kwenye mlango wa elimu ya sifa za metali.

Mchezo na kanuni zake

Minecraft ni mchezo ulioanzishwa na Markus Persson wa Sweden, na kutolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwezi Mei 2009. Ulimwengu wa mchezo huo umejengwa kwa michemraba: udongo, mbao, mwamba na mbale za madini. Mchezaji huivunja, hukusanya alichokipata, na kukitumia kujenga nyumba au kutengeneza zana. Sururu yoyote ya kawaida huhitaji vipande 3 vya malighafi na vijiti 2 vya mpini.

Kila malighafi imepewa sifa tatu zilizo kuu. Ya kwanza ni kasi ya kuchimba. Ya pili ni maisha ya zana, yaani idadi ya michemraba itakayovunjwa kabla ya zana kwisha. Ya tatu ni daraja, nalo huamua ni mbale zipi zana hiyo inaweza kuzichimba na kuzipata. Katika toleo la mchezo liitwalo Java, hali ya sururu zinapochimba mwamba wa kawaida ni kama ifuatavyo:

Mbao: michemraba 59, sekunde 1.15 kwa kila mmoja.
Jiwe: michemraba 131, sekunde 0.6.
Shaba (iliyoongezwa mwaka 2025): michemraba 190, sekunde 0.45.
Chuma: michemraba 250, sekunde 0.4.
Almasi: michemraba 1,561, sekunde 0.3.
Dhahabu: michemraba 32, sekunde 0.2.

Ni dhahiri kwamba dhahabu ndiyo yenye kasi kuliko zote zilizotajwa, na ndiyo yenye maisha mafupi kuliko zote. Mwanafunzi akizidisha 32 kwa 0.2 atapata sekunde 6.4. Huo ndio muda wote wa kazi ya sururu ya dhahabu. Sururu ya chuma hufanya kazi kwa sekunde 100, na ya almasi kwa zaidi ya sekunde 468.

Hesabu ya michemraba 1,000

Huenda mtu akasema kwamba kasi ni faida, na kwamba mwenye dhahabu nyingi hana haja ya kujali maisha mafupi ya zana. Hoja hiyo yafaa kupimwa kwa hesabu. Tuseme mchezaji anataka kuvunja michemraba 1,000 ya mwamba.

Kwa chuma atahitaji sururu 4, yaani mikuo 12 ya chuma, na kazi itachukua sekunde 400, bila kuhesabu muda wa kusogea kutoka mchemraba mmoja hadi mwingine. Kwa dhahabu kazi itachukua sekunde 200 tu. Lakini atahitaji sururu 32, yaani mikuo 96 ya dhahabu. Kuyeyusha mkuo mmoja katika tanuri la kawaida huchukua sekunde 10. Kwa hiyo, kwa tanuri moja, dhahabu yote itahitaji sekunde 960, hali chuma kitahitaji sekunde 120. Mchezaji ameokoa sekunde 200 machimboni na kupoteza 840 tanurini, mbali na muda wa kuitafuta dhahabu yenyewe, ambayo ni adimu kuliko chuma.

Daraja nalo linazidisha tatizo. Sururu ya dhahabu imewekwa daraja moja na ya mbao. Inaweza kuchimba mwamba na makaa ya mawe, lakini haiwezi kumpatia mchezaji shaba, chuma wala almasi. Hata mbale ya kawaida ya dhahabu haipatikani kwa sururu ya dhahabu. Hapana budi itumike ya chuma au iliyo bora zaidi.

Dhahabu halisi

Hapa mchezo unakaribiana na historia. Katika nyanda za juu za Zimbabwe, ambako dhahabu ilichimbwa kwa karne nyingi na kupelekwa pwani ya Sofala, na kutoka huko hadi Kilwa, wachimbaji walitumia moto wa kuupasua mwamba, nyundo za mawe na zana za chuma. Dhahabu yenyewe ikawa shanga, bangili na mabamba membamba ya kupambia. Haikufanywa sururu, ingawa waliokuwa nayo walikuwa mafundi hodari.

Sababu imo ndani ya metali yenyewe. Atomu za dhahabu zimepangika katika matabaka yaliyoshonana vizuri, na matabaka hayo huteleza kwa urahisi moja juu ya jingine metali inapopigwa au kuvutwa. Ndiyo maana gramu moja ya dhahabu yaweza kuvutwa kuwa uzi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 bila kukatika. Sifa hiyo ni neema kwa sonara na hasara kwa mchimbaji. Ncha ya sururu ya dhahabu ingepiga mwamba mara chache tu, kisha ingebonyea na kuwa butu.

Katika kipimo cha ugumu kiitwacho Mohs, chenye ngazi 1 hadi 10, dhahabu ipo kati ya 2.5 na 3, karibu sawa na ukucha wa binadamu. Madini ya kwatzi, yaliyomo katika miamba mingi, yako ngazi ya 7. Kadhalika dhahabu ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3, ilhali ya chuma ina gramu 7.87. Sururu ya dhahabu yenye umbo lile lile ingekuwa na uzito unaokaribia mara mbili na nusu ya ile ya chuma, na mchimbaji angechoka kabla ya kufika popote.

Ugumu si ustahimilivu

Yafaa hapa kutofautisha sifa mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Ugumu ni uwezo wa kitu kukataa kukwaruzwa au kubonyezwa. Ustahimilivu ni uwezo wa kupokea mapigo bila kupasuka. Zana ya kuchimbia huhitaji vyote viwili.

Almasi ina ugumu wa ngazi ya 10, na hakuna madini ya asili yaliyo maarufu kwa ugumu kuliko hayo. Lakini haina ustahimilivu mkubwa. Ikipigwa kwa nguvu katika mwelekeo fulani wa fuwele zake, hupasuka, na wachongaji vito kwa muda mrefu waliitumia sifa hiyo kuigawanya. Sururu ya almasi tupu, inayodumu sana mchezoni, katika machimbo halisi ingeweza kupasuka mapema. Viwandani almasi hutumika kwa njia nyingine: punje ndogo hushikizwa ndani ya metali katika vichwa vya mashine za kutobolea miamba. Almasi huleta ugumu, metali huleta ustahimilivu.

Chuma nacho, kikiwa safi kabisa, ni laini kiasi. Kikichanganywa na kaboni kidogo, pungufu ya asilimia 2, huwa chuma cha pua. Atomu za kaboni hujipenyeza kati ya atomu za chuma na kuzuia matabaka yasiteleze. Sonara hufanya jambo linalofanana na hilo anapochanganya sehemu 18 za dhahabu na sehemu 6 za shaba na fedha, ili pete isipinde kidoleni. Mchanganyiko wa namna hiyo huitwa aloi.

Mahali mchezo unapoachana na maumbile

Watengenezaji wa mchezo wameifuata sayansi katika jambo moja: dhahabu ni laini, kwa hiyo haidumu. Katika jambo la pili wameiacha kabisa. Hakuna sababu ya kifizikia inayoweza kuifanya sururu ya dhahabu iwe na kasi kuliko ya chuma. Kasi hiyo ni kanuni ya mchezo tu, iliyowekwa ili kila malighafi iwe na faida yake na hasara yake. Mwanafunzi anayeijua tofauti hiyo anaweza kujifunza kutokana na mchezo. Asiyeijua ataondoka na elimu ya uongo.

Dhahabu imepewa pia nafasi kubwa kuliko malighafi nyingine za zana ya kupokea nguvu za mazingaombwe. Hata hivyo, hesabu haibadiliki sana. Nguvu ya kurefusha maisha ya zana, ikiwa katika kiwango chake cha tatu, huyazidisha kwa wastani mara 4. Sururu ya dhahabu hupanda hivyo kutoka michemraba 32 hadi 128, ambayo bado haijafikia 131 ya sururu ya jiwe lisiloongezewa kitu.

Lakini mwaka 2020 iliongezwa katika mchezo malighafi ya kubuniwa iitwayo netheriti. Mkuo mmoja wa netheriti hutengenezwa kwa vipande 4 vya masalio adimu na mikuo 4 ya dhahabu, kisha hutumika kuimarisha zana ya almasi. Sururu inayopatikana huvunja michemraba 2,031. Dhahabu iliyoshindwa ikiwa peke yake imesaidia kuunda zana inayodumu kuliko zote. Netheriti haipo duniani, lakini wazo la aloi lipo.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuonyesha tofauti ya ugumu na ustahimilivu bila kompyuta wala dhahabu. Vitu vinne vyatosha: chaki, waya wa shaba, msumari, na jiwe jeupe la kwatzi, ambalo hupatikana katika mito mingi. Wanafunzi wajaribu kukwaruza kila kimoja kwa kingine na kuandika kipi kimekishinda kipi. Kisha waya na msumari vipigwe nyundo, chaki ivunjwe kwa mkono, na mwalimu mwenyewe alipige jiwe likiwa limefunikwa kwa kitambaa kizito, ili vigae visiruke machoni.

Itaonekana kwamba chaki ni laini na hupasuka. Shaba ni laini lakini hustahimili. Kwatzi ni ngumu lakini hupasuka. Msumari una kiasi cha vyote viwili. Baada ya hapo wanafunzi waulizwe: kati ya vitu hivi vinne, kipi kinafanana na dhahabu, kipi kinafanana na almasi, na kipi kingefaa kwa jembe?

Dhahabu haikupungukiwa na thamani kwa kushindwa kuwa sururu. Haishiki kutu, hupitisha umeme vizuri, na kwa sababu hizo hupakwa juu ya viungio vidogo vya umeme ndani ya kompyuta nyingi, pengine hata ile inayotumiwa na mchezaji aliyeilaumu. Bei ya kitu sokoni hueleza jinsi kilivyo adimu na jinsi watu wanavyokitamani. Kama kitu hicho kinafaa kwa kazi fulani, hilo huamuliwa na sifa zake, na sifa hujulikana kwa kupima.